Maji Kupoteza Rangi Si Kuwa Safi

Je, ukiona maji ya mto yamegeuka mekundu kwa rangi za nguo, utayachemsha unywe? Usithubutu, ndugu msomaji. Kuchemsha huua viini vya maradhi, lakini hakuondoi kemikali za rangi. Zipo rangi ambazo zikiingia mwilini hutoa benzidini, kemikali inayosababisha kansa ya kibofu cha mkojo.

Wanasayansi wanatafuta dawa katika mwanga wa jua. Mnamo 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza jinsi titani dioksidi ikimulikwa inavyosaidia kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Huu ni ule unga mweupe unaotiwa katika rangi za kupaka nyumba. Baadaye ilibainika kwamba katika maji machafu unga huo, ukipigwa na mwanga, huzalisha chembe kali zinazokatakata kemikali za rangi, nao wenyewe hauishi.

Kasoro yake ni kwamba hutegemea miale ya urujuanimno, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua. Mnamo 2001, watafiti nchini Japani walionyesha kuwa ukitiwa naitrojeni hutumia pia mwanga tunaouona kwa macho.

Hata hivyo, tahadhari. Kazi hiyo ikikatizwa njiani, maji hung'aa ilhali vipande vya sumu vimebaki. Kwa hivyo, maji yaliyoingia rangi usinywe wala usipikie. Tafuta mengine, kisha uwaarifu maafisa wa afya ya umma.