Mwanafunzi Si Shamirisho

Mwanafunzi anapozorota masomoni na kujitenga na wenzake, aghalabu sisi walimu humwita mvivu au mkaidi. Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001. Je, mahali pake tuliweka nini?

Ushauri wa kikundi ni jibu mojawapo. Katika utafiti wa Tom Osborn na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2021, wanafunzi 413 wa sekondari humu nchini waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi waliwekwa katika makundi madogo. Baadhi yao walifundishwa mbinu za kusoma. Wengine, kwa saa moja kila juma kwa majuma manne, walijadili shukrani, maadili na uwezo wa mtu kubadilika, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni. Wote walipata nafuu, lakini hawa wa pili waliwashinda wenzao. Mpango huo uliitwa Shamiri.

Jina hilo lanikumbusha sarufi. Shuleni mwetu mwanafunzi ni shamirisho tu: huambiwa, hukaripiwa, huadhibiwa. Kikundini huwa kiima: hunena, husikiliza, humfariji mwenzake. Akigundua kuwa hayuko peke yake, aibu humpungua.

Walimu wenzangu, tutenge saa hiyo moja. Siri za kikundi zisigeuzwe porojo za chumba cha walimu, na anayetaja kujidhuru afikishwe kwa daktari mara moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hata hivyo, nani atayafichua mbele ya anayemcheka?