Kutoona Mbali kwa Watoto: Miwani Haiharibu Macho, Kuchelewa Ndiko Kunakodhuru

Mwanafunzi anayekunja uso kila anapotazama ubaoni, au anayenakili kutoka daftari la jirani badala ya kunakili kilichoandikwa na mwalimu, mara nyingi huhesabiwa kuwa mzembe. Wakati mwingine kasoro haiko katika akili wala nidhamu yake, bali katika macho. Mtoto wa namna hii haoni mbali, na kwa kuwa hajui kuona kwa namna nyingine, hudhani kuwa watu wote wanaona kama yeye. Kwa sababu hiyo halalamiki, na tatizo huendelea kukua bila mzazi wala mwalimu kulitambua.

Hali ya kutoona mbali, ambayo kitaalamu huitwa mayopia, hutokana hasa na umbo la jicho. Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma, nalo hukua hadi kufikia milimita 23 au 24 katika utu uzima. Ukuaji huo ukienda kwa uwiano, mwanga unaoingia machoni huangukia juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho likirefuka kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kuifikia retina. Matokeo yake ni kwamba maandishi ya kitabuni husomeka vizuri, lakini yaliyo ubaoni huonekana kama yamefunikwa na ukungu.

Ongezeko la milimita moja tu la urefu wa jicho huweza kumfanya mtoto ahitaji miwani yenye nguvu ya takriban dayopta 2.5 hadi 3. Jambo la msingi kwa mzazi kulielewa ni kwamba jicho likisharefuka halirudi katika urefu wake wa awali. Kwa hiyo, wajibu wa wazazi na wataalamu ni wa aina mbili: kumwezesha mtoto kuona vizuri leo, na kupunguza kasi ya kurefuka kwa jicho ili kulinda uoni wake wa baadaye.

Wajibu huo wa pili ndio unaosahaulika zaidi. Mtu anayefikia dayopta 6 au zaidi huhesabiwa kuwa na tatizo la kiwango cha juu. Hatari ya kubanduka kwa retina, kupata presha ya macho, kupata mtoto wa jicho mapema na kuharibika kwa sehemu ya katikati ya retina huwa kubwa zaidi kwake kuliko kwa wengine. Miwani humrudishia uoni ulio wazi, lakini haiondoi hatari hizo, kwa kuwa jicho linabaki kuwa refu. Mtoto anayeanza kupata tatizo hili akiwa na umri wa miaka 7 ana muda mrefu wa kuendelea kudhoofika kuliko anayeanza akiwa na miaka 14. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza uchunguzi wa mapema.

Hali ilivyo nchini na kwingineko

Utafiti uliofanyika katika shule za sekondari jijini Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 uliwapima wanafunzi 2,511. Takriban asilimia 6 walikuwa na upungufu wa uoni unaohitaji miwani, wengi wao wakiwa hawaoni mbali. Hata hivyo, chini ya theluthi moja ya waliohitaji miwani ndio waliokuwa wakiivaa. Kiwango hicho cha tatizo ni kidogo kikilinganishwa na miji ya Asia Mashariki, ambako vijana wengi humaliza shule wakiwa tayari hawaoni mbali. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaonesha kuwa, mwelekeo wa sasa usipobadilika, takriban nusu ya watu duniani watakuwa na tatizo hili ifikapo mwaka 2050.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, ulifanyika kwa wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam. Kundi moja lilipewa miwani bure na jingine likapewa cheti cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa bure walikuwa wakiivaa au wameibeba shuleni, ikilinganishwa na asilimia 26 ya waliopewa cheti. Takwimu hizo zinafundisha mambo mawili. Gharama ni kikwazo, lakini si kikwazo pekee. Hata penye miwani ya bure, zaidi ya nusu ya wanafunzi hawakuwa nayo. Kuchekwa na wenzao na hofu ya wazazi kwamba miwani hudhuru macho ni miongoni mwa sababu za jambo hilo.

Hofu hiyo haina msingi. Miwani iliyopimwa vizuri haidhoofishi macho wala haimfanyi mtoto kuwa mtegemezi. Nguvu ya miwani huongezeka mwaka hadi mwaka kwa sababu jicho linaendelea kukua, si kwa sababu miwani imevaliwa. Wapo pia wanaoamini kuwa ni salama zaidi kumpa mtoto miwani yenye nguvu pungufu. Utafiti uliofanyika Malaysia na kuchapishwa mwaka 2002 ulionesha kinyume chake: watoto waliopewa miwani pungufu waliendelea kudhoofika kwa kasi kubwa kuliko waliopewa miwani kamili.

Mwanga wa nje ni kinga isiyo na gharama

Mtoto hurithi sehemu ya uwezekano wa kutoona mbali kutoka kwa wazazi wake, lakini mazingira nayo yana nafasi kubwa. Kusoma au kutazama kitu cha karibu kwa muda mrefu bila kupumzika, pamoja na kukaa ndani siku nzima, huongeza hatari. Mwanga mkali wa mchana unaaminika kuchochea kemikali iitwayo dopamini ndani ya retina, ambayo husaidia kuzuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Darasa lenye taa za kawaida huwa na mwanga hafifu mno ukilinganishwa na uwanja, hata chini ya kivuli cha mti.

Katika jiji la Guangzhou nchini China, shule kadhaa za msingi ziliongeza kipindi cha dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa, baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto wa shule hizo walikuwa wamepata tatizo, ikilinganishwa na asilimia 39.5 katika shule ambazo hazikuongeza kipindi hicho. Nako Taiwan, mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 2010 ulihimiza watoto wakae nje dakika 120 kwa siku. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi wenye uoni hafifu, ambayo ilikuwa ikipanda kwa miaka mingi, ilianza kushuka.

Faida hiyo huonekana zaidi katika kuzuia tatizo lisianze. Kwa mtoto ambaye tayari haoni mbali, kucheza nje bado kunafaa, lakini hakuchukui nafasi ya miwani wala matibabu. Mtoto anaweza kuvaa kofia au kukaa kivulini, na asitazame jua moja kwa moja. Anaposoma au kutumia simu, kifaa kiwe umbali wa angalau sentimita 30 kutoka machoni, na kila baada ya nusu saa apumzike kwa kutazama mbali.

Matibabu ya kupunguza kasi

Zipo njia za kitabibu zinazopunguza kasi ya kurefuka kwa jicho. Ya kwanza ni matone ya atropini ya kiwango kidogo, yanayotumika kila usiku kwa miaka kadhaa. Utafiti wa Hong Kong uliolinganisha viwango vitatu ulibaini kuwa kile cha asilimia 0.05 kilifanya kazi vizuri kuliko vya asilimia 0.025 na 0.01. Njia nyingine ni miwani yenye lenzi maalumu na lenzi laini zinazovaliwa juu ya jicho, ambazo katika majaribio zimepunguza kasi kwa takriban nusu. Hakuna kati ya hizo inayoponya tatizo, na huduma hizi hazipatikani katika kila kituo.

Mzazi hapaswi kununua atropini dukani na kumwekea mtoto bila maelekezo ya daktari. Dawa ya asilimia 1, inayotumika kwa matibabu mengine ya macho, ina nguvu mara 20 ya ile ya asilimia 0.05. Husababisha mtoto kuumizwa na mwanga na kushindwa kusoma vya karibu, na ikimezwa ni sumu.

Mzazi anaweza kuanza nyumbani kwa hatua rahisi. Amzibe mtoto jicho moja kwa kiganja, amwombe asome bango au kalenda iliyo mbali, kisha arudie kwa jicho la pili. Akiona tofauti au mashaka yoyote, ampeleke kwenye kliniki ya macho. Mtoto aliyekwisha kuanza kuvaa miwani apimwe upya walau mara moja kwa mwaka. Mtoto mwenye makengeza, au anayeonekana na weupe ndani ya mboni, apelekwe hospitali bila kusubiri, kwa kuwa dalili hizo zinaweza kuashiria ugonjwa mwingine mkubwa zaidi.

Kwa upande wa shule, kumhamishia mtoto dawati la mbele humsaidia kwa siku chache tu. Msaada wa kudumu ni mwalimu kumjulisha mzazi mapema, na kuhakikisha kuwa mwanafunzi anayevaa miwani hachekwi darasani.