Ndevu Si Ushahidi wa Mbegu

Kwa miaka minne majirani wa ploti yetu hapa Umoja walimtazama mke wangu tumbo. Mimi hakuna aliyenitazama. Nina ndevu, sauti nzito, kifua cha mtu wa kunyanyua vyuma, na chumbani sikuwa na hitilafu. Mama akipiga simu kutoka nyumbani swali lilikuwa lilelile: "Huyo msichana umempeleka hospitali?"

Alipelekwa mara tatu. Mara ya nne nikapimwa mimi. Shahawa zilikuwepo, mbegu, hata moja hakuna.

Nilibisha. Daktari akachora korodani nyuma ya faili langu. Ndani mna mirija myembamba inayotengeneza mbegu, na katikati ya mirija hiyo mna seli nyingine zinazotengeneza testosteroni, homoni ya ndevu na hamu. Tezi ndogo chini ya ubongo ndiyo huziamrisha zote. Mirija yaweza kuharibika, kwa mfano baada ya matubwitubwi ya ukubwani, na ndevu zikaendelea kuota.

Kisha akauliza kama najidunga chochote. Nilikuwa nikichomwa testosteroni jimu kwa miaka mitano, misuli ijae. Hapo ndipo penye balaa. Ubongo ukikuta homoni imejaa kwenye damu, tezi hunyamaza, na korodani huacha kujitengenezea ile testosteroni nyingi ambayo mirija huihitaji papo hapo. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuzijaribu sindano hizi kama njia ya kupanga uzazi: katika matokeo ya mwaka 1990, wanaume 157 kati ya 271 waliishiwa mbegu kabisa.

Asiyejidunga naye asijione salama. Mwaka 2004 watafiti wa Copenhagen walilinganisha wanaume 357 wenye ugumba usiojulikana chanzo na 318 waliokwisha kuzaa. Seli za testosteroni za wale wagumba nazo zilionekana kuchoka. Mbegu zikipungua, basi, homoni nayo ipimwe.

Niliacha sindano chini ya uangalizi wa daktari. Mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa, kwa hiyo nilisubiri. Mwezi wa tisa nilipata milioni 18 kwa mililita. Kiwango cha chini cha kawaida ni 16.

Mke wangu nilimwomba msamaha, na mama nilimweleza ukweli. Ndugu yangu wa Kayole, Dandora au Jericho, kapime shahawa, na testosteroni uipime asubuhi, kabla hujampeleka mkeo tena.