Kibuye: Njia ya Mguu, Masika na Kiangazi
Njia ya Kongo-Nili ina kilomita 227, toka Rubavu, jirani na Goma, hadi Rusizi, jirani na Bukavu. Kibuye umo katikati. Machi hadi Mei ni utelezi, Juni hadi Agosti vumbi, lakini watu hawakatiki. Jioni utawasikia wavuvi wa sambaza wakiimba ziwani. Samaki huyo naye wa kuja: aliletwa toka Tanganyika miaka ya 1950. Sisi tuliosomea Tanzania twamwelewa!

Jumamosi hutembea na wanafunzi wangu. Mzazi mmoja aliuliza, “Mwalimu, mnatembea bure, bila mzigo?” Baiskeli za watalii zikija, akina mama wachuuzi ndio hushuka mtaroni, vikapu kichwani. Nimewaagiza watoto: tukikutana nao, tunapisha sisi.