Kiatu cha Mbio Kipimwe Mguuni

Mkazi wa Area 47 mjini Lilongwe, hata wa kambi ya Dzaleka wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994, siku hizi aweza kuagiza raba za mbio kwa simu. Bei huvutia, picha hupendeza. Lakini picha haipimwi mguuni, na kiatu kinachobana huleta malengelenge na hasara.

Kwanza nenda dukani, jioni, kwani mguu huvimba kidogo kutwa. Vaa soksi za mazoezi, pima miguu yote miwili ukiwa umesimama, uache mbele nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha kimbia hatua chache. Ukishaijua aina na namba ikufaayo, hapo ndipo uagize kwa simu.

Fedha ya nyumbani isitumike kununua picha.