Kilichowaua Wapagazi wa 1917 Bado Kimo Majini

Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwakusanya vijana wa Nyanza kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wakabebe mizigo ya jeshi la Uingereza katika vita dhidi ya Wajerumani. Zaidi ya wapagazi 40,000 waliotoka katika Kenya ya leo walikufa.

Risasi ziliua wachache. Wengi waliuawa na kambi.

Vita vya Crimea vilikuwa vimeshatoa onyo: katika baridi kali ya 1854 na 1855 askari wa Uingereza walikufa mahemani kwa kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, wengi kuliko waliouawa vitani. Kando ya Mto Rufiji, katika Tanzania ya leo, mwanzoni mwa 1917, adui alikuwa mvua. Mto ulifurika na chakula kikachelewa. Kuni zilipolowa, unga wa mahindi uliliwa haujaiva, tena na watu waliolelewa kwa mtama na wimbi. Matumbo yakavurugika. Mamia walijisaidia karibu na maji waliyoyachota, na hapo ugonjwa wa kuhara damu ukapata njia.

Ugonjwa huo mara nyingi huletwa na Shigella, bakteria waliotambuliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwaka 1897. Bakteria chini ya 100 wanatosha kumwangusha mtu mzima. Hushambulia ukuta wa utumbo mpana, damu ikatoka, maji na chumvi vikapotea. Mwili uliodhoofishwa na njaa, uliolala ndani ya blanketi bichi, hauna akiba ya kupambana. Ni kifo cha mateso, na kingeweza kuzuiwa.

Njia hiyo haijafungwa. Mtaa wa Nyalenda mjini Kisumu uko bondeni, karibu na Ziwa Victoria, na maji ya ardhini hayako mbali na uso. Masika yakipamba moto, Mto Auji hufurika, vyoo vya shimo hujaa, na uchafu hupenya hadi kwenye visima vifupi vilivyochimbwa hatua chache kutoka hapo. Maji ya mfereji yamefika mitaa mingi, lakini asiye na pesa za mtungi hurudi kisimani.

Basi chemsha maji ya kisima au yatie klorini, hata yakionekana meupe. Nawa kwa sabuni utokapo chooni. Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya paketi pamoja na zinki. Ukiona damu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.