Daraja Jipya kwa Gitaa Kuukuu: Pima Kabla ya Kununua

Gitaa la umeme linalopigwa Tanga, Mombasa au Unguja huanza kuzeeka kwenye vyuma vyake. Mbao zinaweza kudumu miongo mingi bila neno, lakini upepo wa bahari na jasho la kiganja hula nikeli na kromu, kisha skrubu ndogo za darajani hushika kutu mpaka alenki inazunguka bure. Mpigaji akitaka kupandisha uzi mmoja kwa nusu milimita, hawezi. Ndipo hukimbilia dukani kutafuta daraja jipya, na ndipo magitaa mazuri yanapoharibiwa, kwa kuwa mnunuzi hakupima.

Nitatumia mfano wa Stratocaster, gitaa alilolitoa Leo Fender huko Fullerton, California, mwaka 1954, maana limenakiliwa sana na viwanda vya kila namna. Daraja lake ni bati lililoshikwa na skrubu sita upande wa mbele. Juu ya bati kuna vipande sita vidogo ambavyo nyuzi hulalia. Hapa nitaviita viegemeo. Chini yake kuna bonge la chuma linaloshuka ndani ya mwili wa gitaa, na mgongoni kuna springi, tatu hadi tano, zinazovutana na nyuzi. Seti ya kawaida inayoanzia uzi namba 10 huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 47. Basi usilegeze skrubu yoyote ya daraja kabla hujalegeza nyuzi zote.

Kwa macho madaraja haya yanafanana. Rula ndiyo inayoyatofautisha. Kwenye Stratocaster za miundo ya zamani, kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya skrubu ya sita ni milimita 56.4. Nakala nyingi zinazotoka Asia zina 52.5. Ukichanganya, kila skrubu ya pembeni inaangukia karibu milimita mbili nje ya tundu lake. Fundi mwenye haraka anatoboa upya pembeni mwa tundu la zamani, na mbao inapasuka. Pima pia nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita, kwa sababu viegemeo vikitanuka kuliko shingo, uzi wa kwanza utateleza nje ya freti kila ukiukandamiza. Halafu pima kina cha lile bonge. Mwili wa kawaida una unene wa milimita 44 hivi, ila nakala nyingine ni nyembamba, na bonge refu litachomoza mgongoni.

Mimi nashauri uanze na hatua ndogo kuliko zote. Bati likiwa zima, badilisha viegemeo peke yake, na ukiishi pwani chagua vya chuma cha pua. Kabla hata ya hapo, dondoshea skrubu zilizoganda mafuta ya kulegeza kutu, uziache usiku kucha. Hakikisha pia alenki yako ni ya kipimo chake: skrubu za viegemeo vya Marekani mara nyingi hutaka alenki ya inchi, yenye milimita 1.27, nazo nakala nyingi hutumia 1.5. Alenki isiyokaa sawasawa huvuruga kichwa cha skrubu mara moja tu, na hakirudi.

Ukilazimika kung'oa daraja zima, angalia waya uliolehemiwa kwenye kibati kinachoshika springi. Huo ndio unaounganisha nyuzi na ardhi ya saketi. Ukikatika, spika itavuma muda wote. Matundu yaliyolegea yazibe kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, ikauke, kisha utoboe upya katikati.

Kazi inayotaka subira zaidi huja mwishoni. Kutoka kizingiti cha juu hadi freti ya 12 ni milimita 324, nusu ya urefu wa 648. Lakini kuubonyeza uzi kunaukaza kidogo, na uzi mnene una ugumu wake, hivyo kila kiegemeo hurudishwa nyuma kiasi, cha uzi mnene zaidi kuliko cha mwembamba. Piga uzi ukiugusa tu juu ya freti ya 12, halafu ubonyeze hapohapo. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kiegemeo nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo kwa nyuzi mpya, kwani nyuzi zilizochoka hudanganya.

Kuhusu vikaza nyuzi vya kichwani, matundu ya kizamani yana kipenyo cha karibu milimita 8.7, ya kisasa 10. Bushi za kupunguza tundu zinapatikana, kwa hiyo usikubali kichwa kitobolewe bila sababu. Tena wengi hulaumu vikaza wakati uzi unakwama kwenye kizingiti. Pakaza risasi ya penseli katika mfereji wake kwanza, uone.

Sehemu ulizozitoa usizitupe, hata zikiwa na kutu. Zitie kwenye mfuko pamoja na skrubu zake zote: ndizo kipimo cha uhakika siku nyingine ukinunua, na gitaa la zamani lenye sehemu zake za asili huuzwa ghali zaidi.